Mahali pa Mgomba

Mwalimu Anastase alipogawa nafasi za mchezo mpya, Hyacinthe alipewa kulala. Hakuwa na haki ya kulalamika. Wenzake katika kundi la maigizo la parokia walikuwa wamezoea jukwaa tangu kabla ya vita, na yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na minane ambaye hajawahi kuigiza kitu isipokuwa mchungaji wa Krismasi, tena mchungaji asiyesema neno.

Mchezo wenyewe ulihusu kijana aliyeuawa. Maiti yake inalazwa katikati ya nyumba, ndugu wanakaa matanga, na badala ya kulia wanapanga kisasi. Mwishoni marehemu anainuka, anasema nao, anawakataza. Mwalimu aliuandika kwa mkono wake, na kila mtu alikubali kwamba ulikuwa mchezo mzuri kwa wakati ule, mwaka wa pili wa vita vya pili, wakati Uvira ilikuwa imejaa bunduki na watu wamechoka hata kuhesabu ni za nani.

Mwanzo Mwalimu hakutaka mtu alale. Alitaka likatwe gogo la mgomba, lifungwe shuka, likae jukwaani kama maiti, na kijana atokee nyuma ya pazia wakati wa kusema.

Achille alikataa kabla hajamaliza. Achille alikuwa muuza mawese sokoni, mtu mnene, mcheshi, ndiye aliyeigiza baba mkubwa wa marehemu.

"Mwalimu, weye iko unataka kutuua?"

"Gogo tu, Achille. Mgomba."

"Gogo tu! Tukilifunga shuka tumezika mtu. Tumezika nani? Sema jina lake."

Mwalimu alielewa, maana alikuwa mzaliwa wa pale pale. Kwao mtu akipotea, maji yakamchukua au vita vikammeza, na mwili usionekane, jamaa wakikata tamaa hukata gogo la mgomba, hulivika nguo yake, hulifunga shuka na kulizika. Tangu siku hiyo mtu huyo amekufa. Hata kama yuko hai Kigoma anakula ugali na samaki wa ndagala, kwao amekufa. Na pale Mulongwe, mtaa mzima kando ya mto wa jina hilo, ni nyumba chache ambazo hazikuwa na mtu wa namna hiyo.

"Basi alale mtu," alisema Mwalimu.

Kulala chini ya shuka ya maiti ni kuita kile kisichohitaji kuitwa. Geneviève, msichana aliyeigiza mama wa marehemu, aliinama akajifanya anafunga kiatu, na alikuwa pekupeku.

"Minye nitalala," alisema Hyacinthe.

Achille alimtazama, akacheka. "Angalieni! Wengine wanaanza kazi kwa kusimama, huyu anaanza kwa kufa. Hautapata shida ya kupanda cheo, mdogo wangu."

Lakini Hyacinthe alikuwa na sababu yake. Mwalimu alikuwa ameleta habari kwamba mama mmoja, Josée, wa redio moja ya Bujumbura, angekuja kuutazama mchezo. Redio ile ilikuwa inatafuta wachezaji vijana wa kuigiza kwa Kiswahili. Atakayechaguliwa angepewa chumba na mshahara ng'ambo ya mpaka, na karatasi yenye muhuri wa kumvusha kituo cha mpakani Kavimvira bila kuulizwa maswali. Kwa ajili ya karatasi ile Hyacinthe angelala hata ndani ya kaburi lililo wazi. Wenye bunduki walikuwa wanakamata vijana sokoni ili wabebe masanduku ya risasi kupanda milima ya Mulenge, na yeye alikuwa na umri wenyewe na mabega yenyewe. Kila filimbi yao ilipolia mtaani alijibana chini ya kitanda, akilamba vumbi. Hawezi mtu kuishi hivyo muda mrefu. Ama angevuka, ama wangempata.

Na marehemu alikuwa na maneno. Si mengi, lakini yote yalikuwa yake, ya mwisho, wakati watu wote wamenyamaza. Yalianza hivi: "Mama, usilie tena. Niko hapa." Kila asubuhi alishuka kwenye mawe ya mto Mulongwe, mahali maji yanapofanya kelele, akayasema kwa sauti ya juu mpaka koo likawaka. Mwalimu alimwambia ana sauti. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia ana kitu.

Maneno hayo hakuthubutu kuyasema nyumbani.

Mama yake, Bernardine, mtaa mzima ulimwita Mama Sévère kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Sévère alikamatwa siku ya soko na kupandishwa milimani na mfuko wa chumvi kichwani. Wenzake waliorudi kila mmoja alikuwa na habari yake. Mmoja alisema aliteleza kwenye jabali. Mwingine alisema alitoroka akapita Fizi kwenda Tanzania. Mama aliichukua habari ya Tanzania, hizo nyingine akawarudishia wenyewe. Tangu hapo mlango wa nyumba yake haukutiwa komeo. Katika mji ambao watu walisukuma hata makabati nyuma ya milango, wake ulirudishwa tu, ili Sévère akifika asihangaike kugonga. Jirani walimwambia, ndugu zake wa Nyakabere walimwambia: njoo huku kwetu mashambani, au uzike mgomba, moyo utulie. Aliwajibu kwamba mgomba hakuuzaa yeye.

"Unaenda kufanya nini kila siku huko parokia?" alimwuliza Hyacinthe.

"Mchezo, mama."

"Weye unacheza nani?"

"Kijana."

"Kijana gani?"

"Kijana tu, mama. Kama vijana wote."

Aliyetoboa siri ni Kankindi, jirani muuza ndagala, mwanamke ambaye kinywa chake hakikuwa na komeo vilevile. Alipita na beseni kichwani, akapaza sauti toka njiani: "Mama Sévère! Nasikia mtoto wako iko anakufa vizuri sana! Achille anasema hata inzi wanamwamini!"

Bernardine aliweka mwiko chini. Alimngoja Hyacinthe mpaka alipoingia.

"Ni kweli unalala chini ya shuka?"

"Ni mchezo tu, mama. Mwishoni ninaamka."

"Nani alikuambia kwamba anayelala hivyo anaamka? Nimebaki na mmoja. Mmoja! Na huyo mmoja anajilaza mwenyewe, bila kulazimishwa!"

"Kuna mama wa redio anakuja. Akinichukua, nitavuka. Na weye utakuja, mama. Tutakaa Bujumbura."

"Na Sévère akirudi atamkuta nani?"

Swali hilo lilikuwa limeizuia familia ile mahali pamoja kama jiwe juu ya kamba. Mama aliapa kwamba hatakanyaga parokia siku hiyo, na Hyacinthe, kusema kweli, alifurahi kusikia kiapo chake.

Alifurahi kwa sababu ya shati. Kundi halikuwa na nguo za jukwaani. Kila mchezaji alileta zake. "Marehemu alikuwa kijana wa heshima," Mwalimu alisema. "Shati zuri, lenye kola." Hyacinthe alikuwa na mashati mawili, yote mawili yangefaa kwa mtu aliyefufuliwa, si kwa mtu anayezikwa. Lakini ndani ya sanduku la mama kulikuwa na shati la buluu la Sévère, limekunjwa na majani ya mkaratusi kuzuia wadudu. Mfuko wake uliwahi kuchanika, na mama aliushona kwa uzi mwekundu kwa sababu siku ile hakuwa na mwingine. Jumapili ya mchezo, mama alipokwenda kuteka maji, Hyacinthe alifungua sanduku. Alijiambia atalirudisha kabla ya chakula cha jioni. Hakuona kwamba alikuwa anafanya peke yake kazi yote waliyoikataa jukwaani: nguo ya aliyepotea, na shuka juu yake.

Mchezo ulianza mchana, ili watu wawahi nyumbani kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku. Ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani. Mwanga uliingia kwa matundu ya risasi kwenye bati. Josée alikaa mbele, mwanamke mfupi mwenye miwani, na chombo cha kurekodi sauti mapajani. Hyacinthe alimwona kwa pembe ya jicho kabla hawajamfunika.

Kulala ni kazi, na Mwalimu alikuwa amemfundisha. Usipumue kwa kifua, pumua kwa tumbo. Pumua wakati Geneviève analia, kwa sababu hapo watu wanamtazama yeye. Ndugu wakinyamaza, weye ufe. Alikufa vizuri. Alimsikia Achille akiapa kisasi, akawasikia watu wakicheka mahali pa kucheka. Aliyahesabu maneno yake mdomoni kwa ulimi, moja moja, yote yalikuwepo.

Kisha akasikia kandambili. Zilikuwa zinakuja kwa haraka katikati ya ukumbi, na alizitambua kabla ya sauti: za mama yake, ambaye kiapo kilikuwa kimemshinda.

"Hyacinthe! Toka hapo! Amka!"

Watu waliangua kicheko. Walidhani ni mchezo. Achille, ambaye hakushindwa na kitu jukwaani, alisimama akafungua mikono.

"Karibu, dada, karibu kwenye msiba. Marehemu hasikii tena, hata ukimwita kwa jina la jirani."

Kicheko kikazidi. Bernardine alipanda jukwaani, akashika pindo la shuka akalivuta lote kwa mara moja, kama mtu anayemwamsha mtoto mvivu.

Kisha hakufanya kitu.

Hyacinthe alikuwa amefumba macho. Alisikia ukumbi ukinyamaza, safu ya mbele kwanza, halafu nyuma, halafu madirishani. Alisikia pumzi ya mama yake ikiwa juu. Kidole kiligusa kifua chake, kikatafuta mfuko, kikapita juu ya uzi, polepole, toka mwanzo wa mshono hadi mwisho.

"Sévère," alisema mama.

Hakusema kwa nguvu. Alisema kama mtu anayejibu swali aliloulizwa zamani.

Baada ya hapo alilia. Hapana mtu pale Mulongwe aliyekuwa amewahi kumsikia Bernardine analia. Wakati wengine wanalia yeye alikuwa anasubiri. Kilio chake kilianza chini, kikapanda, kikageuka wimbo wa msiba wa Kirundi ambao bibi yake aliuimba uwanda wa Ruzizi, na ndani yake akaweka yote: chumvi aliyobebeshwa, njia ya Mulenge, jabali. Jabali! Kumbe ile habari aliyoirudisha alikuwa ameiweka muda wote.

Geneviève, mama wa mchezo, alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukutani.

Sasa ilikuwa zamu ya maneno. Achille alijua. Alipaswa kutoa sentensi moja, na baada yake marehemu ainuke. Aliitoa:

"Kama marehemu angekuwa na mdomo, angetuambia nini?"

Hyacinthe hakuinuka.

Maneno yalikuwa pale, nyuma ya meno. Mama, usilie tena. Niko hapa. Ayaseme katika shati lile, kwa mama yule aliyeinama juu yake? Angemwona nani anayeinuka? Angemfufua Sévère mbele ya macho yake, na baada ya kupiga makofi watu wangemwambia samahani, mama, ni mdogo wake. Na asipoyasema, hatua chache kutoka pale kulikuwa na mwanamke mwenye miwani aliyekuja kusikia sauti, na sauti yake angeisikia wapi?

"Nasema hivi," Achille alirudia, kwa nguvu zaidi, jasho likimtoka, "kama marehemu angekuwa na mdomo! Mdomo wake mwenyewe! Angetuambia nini, jamani?"

Toka nyuma ya pazia Mwalimu alinong'ona: "Inuka. Hyacinthe, inuka sasa. Inuka!"

Kifua kilikuwa kinawaka. Wote walikuwa wanamtazama yeye, na hapakuwa na nafasi ya kupumua. Chozi la mama lilimwangukia kopeni. Alilala.

Achille akaishiwa. Alivua kofia yake ya baba mkubwa, akakaa chini sakafuni.

Hapo wanawake wakaanza kuinuka. Kankindi alikuwa wa kwanza. Alifungua kitambaa cha kichwa, akapanda, akaketi miguuni pa Bernardine, akaita jina la mume wake ambaye ziwa halikumrudisha. Mwingine akaja, akaita mwanawe. Wakaja wengine. Kila mmoja alikuwa na jina. Mchezo wa Mwalimu ulikufa hapo, na matanga yakachukua jukwaa.

Mwanamke mmoja mzee, aliyekuwa ameketi karibu na kichwa cha Hyacinthe, alimwambia Achille kwa sauti ndogo: "Nyie wanaume iko mnangoja nini? Saa inakwenda. Maiti haitoki hapa kwa miguu yake. Ichukueni nyuma, mwende mkatengeneze."

Achille alielewa. Walimfunika Hyacinthe tena, wakamwinua pamoja na machela aliyolazwa juu yake, wakamtoa kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye migomba ya mapadri. Hapo tu ndipo alipofungua macho na kuvuta pumzi kama mtu aliyetolewa ziwani. Achille alikuwa tayari na panga mkononi, anachagua mgomba.

"Vua shati," alimwambia, bila utani hata kidogo.

Alilivua. Achille alimtupia koti lake la jukwaani, lakini Hyacinthe hakungoja kulivaa. Kutoka nyuma ya ukumbi alikuwa amesikia gari likiwashwa. Alikimbia kifua wazi, akazunguka ukuta.

Josée alikuwa anaingia garini. Mpaka ulikuwa karibu kufungwa. Geneviève, ndiye aliyechaguliwa, alikuwa tayari kwenye kiti cha nyuma, na furushi mapajani, uso umevimba, hamtazami.

"Mama, minye niko na maneno," alisema Hyacinthe. "Sikuyasema. Nilikuwa nimelala."

Josée alimtazama yule kijana aliyekuwa hana shati. Hakuwa mwanamke mbaya. Alitoa tena chombo chake, akakiinua dirishani.

"Haya. Sema."

"Mama, usilie tena..."

"Sisikii. Pandisha sauti, wanalia sana humo ndani."

Walikuwa wanalia kweli. Dirisha la ukumbi lilikuwa juu yao, wazi, halina kioo, na katikati ya sauti zote alisikia ile moja. Ikiwa yeye aliisikia, nayo ingemsikia. Akiyasema maneno yale kama alivyoyasema mtoni, yangepita dirishani na kumfikia mama yake palepale alipokuwa ameketi.

"Sema, mdogo wangu. Dereva anataka kwenda."

Alifungua mdomo. Alitazama dirisha. Midomo yake ilitikisika, na kilichotoka kilikuwa pumzi.

Josée alingoja kuliko ambavyo mtu mwingine angengoja. Kisha akazima chombo. "Sauti yako ni ndogo," alisema kwa upole. "Kwa redio haitoshi. Pole sana." Gari likaondoka kuelekea Kavimvira, vumbi likamfunika mpaka magotini.

Alirudi nyuma akavaa koti la Achille. Gogo lilikuwa tayari, limevikwa shati la buluu, uzi mwekundu upande wa moyo, na Mwalimu Anastase mwenyewe alikuwa anafunga shuka. Mwalimu hakumlaumu. Alimpa tu ncha moja ya kamba ashike.

Walilizika kando ya makaburi ya parokia, haraka, kabla jua halijagusa ziwa. Bernardine alitupa udongo wa kwanza. Alimwona Hyacinthe amesimama upande wa pili wa shimo ndani ya koti kubwa, akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyefika kutoka safari, akampa udongo na yeye atupe.

Nyumbani hakukupikwa. Watu walipokwisha kuondoka, filimbi ililia mbali, upande wa soko. Kesho ilikuwa siku ya soko. Mama aliinuka. Alitafuta nyuma ya mtungi, akatoa lile gogo dogo la komeo lililolala pale tangu Sévère achukuliwe, akalipangusa utando wa buibui, akalipitisha mlangoni. Lilikuwa limevimba kwa unyevu, ikabidi alipige kwa kiganja. Akajaribu mlango. Haukutikisika.

"Tutakwenda Nyakabere," alisema. "Au Bujumbura kwa yule mama wako wa redio. Sasa naweza kwenda popote. Anakuchukua lini?"

"Hajasema."

"Hakukusikia?"

"Watu walikuwa wengi, mama."

Bernardine alikaa kwenye mkeka, akaegemea ukuta. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Nilikuharibia. Nasikia marehemu alikuwa na maneno mazuri mwishoni. Kankindi alisema unayasema mtoni mpaka wavuvi wanasimama. Niambie basi. Minye sijayasikia."

Filimbi ililia tena, karibu zaidi. Hyacinthe alitazama komeo, kisha chini ya kitanda, kisha uso wa mama yake uliokuwa unangoja. Alikunja paji la uso, akainua macho darini kama mtu anayetafuta kitu kwa bidii, akatikisa kichwa.

"Nimeyasahau, mama," alisema. "Yote."

Naye akamwamini.